Pikipiki ya safari, ya kawaida ama ya kompyuta? Jibu la mtu wa Malindi aloendesha zote mbili

Ndugu yangu, nakurudishia swali lako kwa ufupi ili wengine wasipate tabu kulitafuta. Uko hapa Malindi, umechoka na Boxer, unataka piki ya kusafiria, Lamu mara kwa mara, Marafa na Baricho kikazi, na siku moja inshallah Marsabit. Rafiki yako mmoja anakwambia chukua chuma cha kawaida kisicho na mambo mengi, mwingine anakwambia zama zimebadilika chukua yenye skrini, ABS (breki zisizoacha gurudumu lijifunge), trakshen kontroli (inayozuia gurudumu la nyuma kuserereka ukitia moto) na modi za kuendeshea, ile ya mvua, ya lami na kadhalika. Sasa umekwama katikati, na mwishoni ukauliza pia, kabureta inayochanganya petroli na hewa bila umeme ama injekta ambayo kompyuta ndo inapima mafuta. Wote wawili wamekwambia nusu, ngoja nikae kitako manake hii somo nshailipia karo kwa mfuko wangu.

Mie niko upande wa Muyeye. Kazi yangu kufunga na kutengeneza pampu za sola za visimani, kwa hivo piki kwangu si ya Jumapili, ni chombo cha kazi, wiki hii Langobaya wiki ijayo Witu, na nyuma kuna begi la vyuma ambalo halipungui kilo 25. Nimekuwa na tatu. Ya kwanza Yamaha DT ya zamani, ya tustroku, sijui mkono wa ngapi. Ya pili ilikuwa dude kubwa la Ulaya, kila kitu kilichobuniwa na binadamu kimo ndani, jina silitaji manake sitaki kugombana na wapenzi wake humu ndani na mie mwenyewe bado nalipenda kidogo. Ya tatu ndo niliyo nayo saa hii, Himalayan 411 ya Royal Enfield.

Lile dude ndo lilonifunza. Ilikuwa mwezi wa nane, kusi bado lavuma, natoka Ngomeni kwa mteja narudi Gongoni, ile njia unaijua, inapita kando ya mabwawa ya chumvi na upepo ukivuma ukilamba midomo unasikia munyu. Simu ikalia nikasimama, nikateremsha stendi, nikaongea dakika mbili. Narudi nawasha, injini yanguruma vizuri kabisa. Natia gia ya kwanza, tap, imezima. Nawasha tena, inawaka. Gia, tap. Skrini imenijazia habari zote, joto la hewa, presha ya tairi ya mbele, presha ya tairi ya nyuma, kilomita ntakazotembea na mafuta yaliyobaki, mpaka wimbo uliokuwa ukipiga kwenye simu yangu, kila kitu isipokuwa kwa nini haiendi. Na kinachoniuma zaidi ni kwamba niko Ngomeni, pale ambapo Waitaliano walirusha setilaiti ya Uhuru mwaka 1970 kutoka kwenye lile jukwaa lao la San Marco baharini, ikaenda zake juu huko kupima eksirei za nyota, na mie hapa chini sifiki Gongoni.

Akatokea kijana wa boda na Boxer yake, nyuma kabeba gunia la barafu ya samaki. Akasimama. Hakuuliza ni piki gani wala bei gani, alisema tu, "Bro, hebu tia gia tena nione." Nikatia, ikazima. Akacheka. "Stendi yako yasema iko chini." Mie nikamwambia stendi nshaipandisha, si unaiona? Akaniambia, "Wewe waiona. Yenyewe haijioni."

Akalala ubavu kwenye mchanga akaanza kufuata waya. Kwenye stendi kuna swichi ndogo ina kipini kinachobonyea, stendi ikishuka inaiambia kompyuta, na kompyuta ikiona stendi iko chini halafu umetia gia, inakata moto usije ukaondoka ukaanguka kwenye kona. Kitu kizuri. Sasa kile kipini kilikuwa kimegandana na uji wa mchanga na munyu, tukamwagia maji ya kunywa, tukakibonyeza bonyeza kwa kidole mara sijui thelathini, kikalegea, lakini wapi, bado inazima. Akafuata waya mpaka kwenye soketi yake huku juu nyuma ya plastiki, akaichomoa, ndani ilikuwa kijani kibichi kama jani la mchicha. Akatoa wembe mfukoni, akakwangua zile pini moja moja kwa utulivu kama mtu anayemnyoa mtoto, akapuliza, akarudisha. Gia ya kwanza ikaingia na mashine ikabaki kunguruma. Dakika ishirini na kitu. Nilimpa mia tano, barafu yake ilikuwa ishaanza kutona.

Hapo ndo watu wengi wangesema unaona, elektroniki ni takataka, rudi kwenye kabureta. Mie nakwambia hapana, na hapa ndo ningependa usome polepole. Kilichonikwamisha siku ile si kile kitu cha kisasa. ABS ilikuwa nzima, trakshen nzima, skrini nzima. Ni swichi ya stendi, na swichi hiyo pikipiki nyingi za kabureta za miaka ya tisini zinayo. Kwa hivo hili neno "ya kawaida" ama "simpo" usilipime kwa kuhesabu kuna kompyuta ngapi. Lipime kwa swali moja tu kwa kila kitu kilichofungwa kwenye ile piki: hiki kikifa, piki yatembea ama haitembei?

ABS ikifa, taa ya njano inawaka, breki zako zinabaki breki za kawaida, unaenda nyumbani. Trakshen kontroli ikifa, the same, unakuwa tu mwangalifu na mkono wa kulia. Skrini ikizima, aghalabu mashine yatembea ila hujui mwendo, na wengi wetu humu tangu hapo hatukuwa tunaangalia mwendo. Hizi zote ni elektroniki za kusameheka. Sasa njoo upande wa pili. Pampu ya mafuta ikifa, umekaa. Aksileta ya umeme, ile isiyo na kebo, unazungusha mkono na sensa inaiambia kompyuta ifungue hewa kiasi gani, ikileta shida, piki nyingi zinakurudisha kwenye mwendo wa kobe ama zinakataa kabisa. Ufunguo wa kielektroniki ule wa kukaa mfukoni, betri yake ikiisha ukiwa hujui zile njia zake za dharura, umekaa. Rafiki yangu mmoja yalimkuta Mpeketoni, kazunguka maduka yote ya simu na redio kutafuta ile betri bapa kama sarafu, mwishowe akaipata kwa fundi wa saa. Piki ya pesa yote ile imekwamuliwa na fundi wa saa.

Na lile dude langu lilinithibitishia. Baada ya Ngomeni kama miezi mitatu sensa ya gurudumu la nyuma ikafa, ile inayosoma pete yenye meno inapozunguka. Kitu kimoja kikafa vikaondoka vitatu, ABS hamna, trakshen hamna, modi imekwama kwenye ile moja tu ya mvua. Lakini nilitembea nayo wiki tano hivo hivo nikifanya kazi zangu. Kibaya kilikuwa kwamba hata sensa ilipopatikana, kufunga ni boliti moja, ila kuna programu yao ya kuifuta ile hitilafu na Malindi nzima hakuna aliye nayo, ikabidi nipande nayo Mombasa kilomita 120, nako nikaambiwa iache, nikaiacha, siku zikawa wiki. Garaji siitaji. Nilikuwa nadaiwa kazi mbili Garsen na naenda kwa matatu na begi la pampu magotini. Hapo ndo niliamua kuiuza, si kwa sababu imeharibika, kwa sababu funguo za kuitengeneza anazo mtu mwingine mbali.

Sasa upande wa kuitetea elektroniki, manake wazee wa kabureta humu wakishika kipaza sauti hawakiachi.

ABS chukua. Nasema hivi bila kupepesa macho. Mwaka juzi natoka Mokowe, pale pa kuvukia Lamu, narudi, nshapita Witu, karibu na Gamba, mvua imenyesha asubuhi, lami yang'aa. Ng'ombe wa Waorma walikuwa wameshavuka zamani, barabara tupu, lakini walichoacha nyuma ni matope na kinyesi upana wa barabara nzima, na mie naja themanini na kitu. Halafu katikati ya yale matope akabaki ndama mmoja ananiangalia. Nilibana breki zote mbili kwa woga, si kwa ufundi, naona aibu kusema lakini ndo ukweli. Kama ingekuwa DT gurudumu la mbele lingejifunga na ningelala chini kabla sijamaliza kusema bismillahi. Badala yake nikasikia breki ya mkono inadunda dunda kwenye vidole kama kifaranga umemshika, tik tik tik tik, piki imenyooka, yateleza kidogo, yanyooka, nikasimama hatua tatu nne hivi kutoka kwa ndama. Naye hakujisumbua hata kuondoka.

Lakini sasa ABS hiyo hiyo kwenye marram na mchanga inaweza kukutia matatani. Kwenye kokoto unataka gurudumu la nyuma lijifunge kidogo, lijichimbie, ndo unasimama. ABS ikiona gurudumu linajifunga inaachia, na unaposhuka kilima cha kokoto unabaki unaachiwa achiwa breki mpaka chini. Ndo maana ya swichi ya kuzima ABS ya nyuma. Himalayan 411 ABS ilikuja mwaka 2018 haina swichi hiyo, ikaongezwa 2020, kwa hivo ukinunua ya mtu uliza ya mwaka gani, na usiulize tu, bonyeza uone. Himalayan 450 ile mpya iliyotoka mwisho wa 2023 nayo ya nyuma inazimika. Kwa jinsi tunavoishi sisi, nusu lami nusu mchanga, piki yenye ABS isiyozimika nyuma mie siichukui, na isiyo na ABS kabisa pia siichukui tena. Nshazeeka.

Trakshen kontroli hii ina maana ukiwa na nguvu nyingi za kudhibiti. 411 ina farasi 24 na ushee, trakshen ya nini, hata ukitaka kuserereka lami kavu hauwezi. 450 ina farasi 40, nayo hawakuweka trakshen, wameweka aksileta ya umeme na modi. Ukienda kwenye Africa Twin ya cc 1,084, hapo sawa, mkono ukiteleza kwenye lami ya mvua kompyuta inakuokoa. Na ukipanda tena juu unafika kwenye BMW R 1300 GS, ilitoka 2023, kilo 237, ukiongeza pesa unafungiwa mpaka rada ya kupima gari la mbele. Rada! Na aliye mbele yako hapa ni tuktuk la mikungu ya ndizi lisilo na taa.

Kitu kimoja kinanifurahisha. Ile Yamaha Ténéré 700, ilipokuja 2019 ndo ilikuwa bendera ya watu wa "simpo", elektroniki yake ABS ya kuzimika basi, hakuna modi, hakuna trakshen, na watu duniani kote wakaipigania. Sasa toleo la 2025 Yamaha wenyewe wametia aksileta ya umeme, modi, trakshen na skrini ya rangi. KLR650 ya Kawasaki nayo ilienda na kabureta tangu 1987 mpaka 2018, iliporudi 2022 ikawa ya injekta. DR650 ya Suzuki ndo bado imeng'ang'ana na kabureta yake tangu 1996, na kwetu kuiona ni bahati. Ninachosema, ukitaka piki mpya isiyo na kompyuta kabisa ya kusafiria, utatafuta mpaka uchoke, mlango huo unafungwa taratibu.

Kabureta na injekta sasa, manake umeuliza mwishoni na hili lina utamu wake.

DT yangu niliipenda kwa kitu kimoja, ikigoma najua pa kushika. Siku moja nilinunua petroli ya chupa njiani kwenda Baricho, ile ya kuuzwa kwenye chupa za soda, ikawa na maji. Nilikaa chini ya mwarobaini, nikafungua kikombe cha kabureta na bisibisi, nikamwaga, nikaona tone la maji limekaa chini kama lulu, nikapuliza jeti, kile kitundu cha kupitishia petroli, kwa mdomo, nikafunga, nikaenda. Saa moja haikufika. Injekta ukiitilia petroli ya vile, pampu iko ndani ya tangi inasukuma kwa presha ya karibu bar 3, ina chujio lake huko huko ndani, na ukitaka kuifikia unashusha tangi ama unafungua bamba lenye mpira ambao ukishafunguka na kufura haurudi mahali pake kirahisi. Na betri ikifa kabisa, kabureta nyingi utasukuma zitawaka, za injekta pampu haina umeme wa kusukuma mafuta, utasukuma mpaka Kakoneni.

Lakini hiyo hiyo DT niliipeleka Limuru kwenye harusi ya shemeji. Kabureta iliyotegwa Malindi, usawa wa bahari. Kufika Nairobi, mita 1,700 hivi juu, ishaanza kukohoa, kufika Limuru juu ya mita 2,000 haipandi kilima na gia ya tatu, plagi nikiitoa nyeusi ti kama mkaa. Manake hewa ya kule ni nyepesi na jeti haijui, inamwaga petroli ile ile ya Malindi. Mabamkwe wamekuja kunipokea na moshi wangu nyuma. Ya injekta ina sensa inapima hewa na inapunguza mafuta yenyewe, unatoka ufuoni unafika mlimani hata hujui kilichofanyika. Na wewe umesema Marsabit, mji wenyewe uko zaidi ya mita 1,300, na kufika huko unapitia miinuko mingine mirefu zaidi, kwa hivo injekta itakufaa. Lami siku hizi ipo mpaka Moyale.

Kwa hivo mie kwenye hili nimeishia katikati, injekta ndio, ila ile iliyofungwa kwa namna ambayo fundi wa kawaida anaifikia, na nimejiwekea sheria mbili, sinunui mafuta ya chupa na sikubali tangi lishuke chini ya robo, manake petroli ndo inayoipooza ile pampu, ukizoea kutembea na tone la mwisho unaipika.

Kuhusu chumvi, hapa kidogo nitang'ang'ania manake waandishi wa mitandaoni wanaopima hizi piki wako milimani Ulaya, hawajui maisha ya soketi ya umeme inayokaa Malindi. Adui wa elektroniki hapa si vumbi wala matuta, ni munyu. Na kosa kubwa tunalifanya wenyewe, kuosha. Pale unapoosha kwa mia na hamsini, uliza maji yanatoka wapi. Visima vingi vya hapa mjini maji yake ni ya chumvi, mie nafunga pampu zake nayajua kwa ulimi, sasa unatoka Ngomeni na chumvi ya upepo unakwenda kuimwagia chumvi ya kisima kwa presha, mpaka ndani ya soketi. Mie naosha na maji ya mfereji, ndoo na kitambaa, na yakikosekana siku tatu naacha ikae na vumbi. Nilipoinunua Himalayan kitu cha kwanza, kabla hata ya kuiendesha sana, niliketi nayo siku nzima nikafungua kila soketi ninayoifikia nikatia grisi ile maalumu ya umeme, nyeupe, isiyopitisha umeme, usitie grisi ya bearingi wallahi utajuta. Swichi ya stendi, swichi ya klachi, sensa za magurudumu, soketi ya pampu, ncha za betri. Kila mwanzo wa kaskazi narudia. Piki yenye soketi hamsini ina milango hamsini ya munyu kuingilia, hiyo ndo hoja ya kweli ya usimpo kwa mtu wa pwani.

Na ile swichi ya stendi mafundi watakwambia tuikate tuunganishe waya, imekwisha. Inawezekana kwenye nyingi, nyengine haikubali manake kompyuta inatarajia kusoma kipimo fulani na ikikikosa inagoma. Mie nimeiacha. Mjomba wangu aliikata ya kwake, akatoka msikitini Barani stendi ikiwa chini, kona ya kushoto ya kwanza ikagota lami, ikamrusha mtaroni na kanzu yake nyeupe ya Ijumaa.

Uzito nao. Hukuuliza lakini ni mkubwa kuliko yote haya. Himalayan zote mbili zinacheza karibu na kilo 200, na kwenye ule mchanga wa kuingilia Marafa kwa njia za ndani ukiiangusha peke yako saa nane mchana utajua kilo 200 ni nini. Vua begi kwanza, geuza mgongo, shika usukani na chuma cha nyuma, inua kwa miguu. Honda CRF300L ni kilo 142 tu, ukiiangusha unaiokota kama baiskeli, na elektroniki yake ni kidogo, injekta na ABS. Lakini tangi lake ni lita 7.8. Malindi mpaka Mokowe ni kama kilomita 220, ukiipeleka taratibu itakufikisha ikinusa, ukiwa na haraka utasimama Garsen upende usipende. 411 ina lita 15, mie nafika Mokowe bila kusimama Garsen na tangi labaki juu ya robo. Kisiwani usifikirie kuvuka nayo, iache Mokowe pale wanapolaza magari, vuka na boti, Lamu mjini vichochoro ni vya miguu na punda. Na njia ya Witu hadi Mokowe nenda mchana, vizuizi vipo vingi, kitambulisho kiwe mfuko wa juu usianze kuvua jaketi kila kituo. Mvua kubwa uliza kwanza, mafuriko ya mwisho wa 2023 yaliikata hiyo barabara upande wa Gamba, watu wakavuka kwa boti mahali palipokuwa na lami.

Pia nimeona kuna mtu kakwambia BMW G 310 GS spea zake utapata kwa wauza TVS kwa sababu imeundwa na TVS kule Hosur, India. Kuundwa ndio, kweli imeundwa huko. Lakini usiende dukani Malindi ukauliza pistoni ya 310 kwa sababu wanauza HLX, ile TVS ya boda, watakuangalia hivi. Kiwanda kimoja, mashine mbali mbali.

Kwa hivo ungekuwa mdogo wangu wa tumbo moja na bajeti yako, ningekwambia Himalayan 411 ya 2020 kuja juu, ya mtu aliyeitunza. Ni nzito, ni ya polepole, ukitaka kupita basi la Lamu upange tangu mbali, lakini inapozwa na hewa na oili hakuna rejeta ya kupasuka, aksileta ya kebo, funguo ya chuma, ABS ya nyuma yazimika, na fundi yeyote mwenye akili anaielewa akiiangalia nusu saa. Kama pesa inanyoosha na unakwenda mbali zaidi ya unavofanya kazi, 450 ni mashine bora kwa kila kitu isipokuwa kile kimoja, ikilala itakubidi umpate mtu mwenye kompyuta. Na kama ni kazi tu, Marafa, Baricho na Langobaya, safari ya mbali mara mbili kwa mwaka, angalia Hero Xpulse 200, nyepesi, gurudumu la mbele inchi 21 la nyuma inchi 18, mchanga inaukata vizuri, usingoje tu ikukimbize lami.

Ukienda kuiona ya mtu usianze na skrini. Iweke stendi ya kati ama inua nyuma, washa, shusha stendi ya pembeni, tia gia, yatakiwa izime yenyewe. Isipozima wameshaikata, uliza na nini kingine wamekata. Washa ufunguo bila kuwasha injini usikie pampu ikivuma sekunde mbili tatu, sauti iwe laini isiwe ya kukwaruza. Taa ya ABS lazima iwake ukifungua ufunguo na izime ukianza kutembea, ikiwa haiwaki kabisa huenda balbu imetolewa makusudi. Halafu vua plastiki ya pembeni, chomoa soketi moja yoyote, angalia rangi. Ukiona kijani, punguza bei ama ondoka.

Jumamosi kuanzia saa tatu niko nyumbani, nitumie ujumbe uje uijaribu yangu mpaka daraja la Sabaki na kurudi. Helmeti njoo na yako.